Kushusha Mwendo: Ngoma za Mkono kwa Vijana Wasiotulia

Karibu kila anayeanza kufundisha ngoma kwa vijana wenye msongo huingia kwenye kosa lilelile. Anamkabidhi kijana aliyenuna ngoma kubwa na kumwambia, "Piga, toa hasira zako zote." Kijana anapiga. Baada ya dakika tano jasho linamtiririka, viganja vimewaka, na hasira iko palepale, pengine imepanda. Jambo hili limewahi kupimwa. Mwaka 2002 mwanasaikolojia wa Marekani, Brad Bushman, alichapisha jaribio ambamo watu waliokasirishwa makusudi walipewa mfuko wa mabondia wautwange. Waliotwanga huku wakimfikiria aliyewaudhi walitoka na hasira kubwa kuliko wale waliokaa tu kimya.

Ngoma hutuliza kwa njia nyingine kabisa. Kijana hutulia anapolazimika kumsikiliza aliye pembeni yake, kungoja zamu, na kushusha mwendo kidogo kidogo hadi pumzi nayo inashuka. Kubamiza hakumo. Sisi tunaofundisha vijana wa sekondari, wa miaka 13 hadi 18, tumeyaandika haya kwa ajili ya walimu, walezi wa vikundi na viongozi wa vijana ambao tayari wana ngoma mbili tatu stoo na hawajui pa kuanzia.

Ngoma gani, na ngapi

Djembe ndiyo imejaa mahotelini na maduka ya vinyago, ingawa asili yake ni Afrika Magharibi, kwa Wamandinka wa Mali na Guinea. Ni ngoma nzuri na rahisi kuipata. Ubaya wake kwa kazi hii ni kwamba ina sauti kali ya juu, na vijana huipenda sauti hiyo kupita kiasi. Ukiwa na djembe kumi na mbili peke yake, umejipangia kelele. Changanya. Kwa kikundi cha vijana kumi na wawili, ngoma mbili nene za aina ya vumi zinatosha kushika chini, ngoma sita za kati za kupigwa kwa mkono zinabeba mdundo, matari mawili yanakaa juu yake, na kayamba mbili zinabaki kwa wale ambao siku hiyo hawataki kupiga chochote. Kayamba ni muhimu kuliko inavyoonekana. Haina pigo la ghafla, sauti yake inamwagika kama mvua juu ya makuti, na kijana aliyekuja na kichwa kinachouma anaweza kuishika dakika arobaini bila kuchoka.

Kumi na wawili ndiyo idadi tunayoipenda. Kumi na watano bado inawezekana ukiwa na msaidizi. Wakifika ishirini, wale wa upande wa pili wa duara hawasikilizani tena, kila mmoja anaongeza nguvu ili ajisikie, na somo limekufa.

Kama ngoma hazitoshi, ndoo ya rangi ya lita 20 iliyogeuzwa kitako juu inafanya kazi vizuri kuliko watu wanavyodhani. Usiiweke sakafuni ikakaa bapa, maana sauti itafungiwa ndani. Iegemeze kwa mapaja, mdomo wake uachane na sakafu upande mmoja kama upana wa vidole vinne, na utasikia unene ukitoka. Dumu la maji nalo linafaa. Debe la bati halifai hata kidogo: linalia kama jirani anayegonga geti usiku.

Sheria hiyo ya mdomo wazi inazihusu ngoma zote zenye ngozi upande mmoja. Ukiikalisha djembe wima sakafuni, pigo nene linapotea, na kijana, kwa kutolisikia, anapiga kwa nguvu zaidi. Ilaze kidogo mbele kati ya magoti. Nusu ya malalamiko ya "ngoma hii haina besi" huisha hapo.

Ngozi, mvua na jua

Ngozi ya mbuzi hunywa unyevu. Wakati wa masika, Machi hadi Mei, ngoma iliyokuwa inalia vizuri Februari inatoa sauti ya godoro. Usikimbilie kuwambisha upya. Itoe juani dakika 10 hadi 15, uso ukitazama jua, huku ukigonga kwa kidole kila baada ya dakika chache. Sauti ikipanda na kuwa safi, irudishe kivulini mara moja. Mafundi wengi hupasha ngozi kwa moto wa makuti au nyasi kavu, na ni njia nzuri mikononi mwa anayeijua. Shuleni tumeiacha. Kijana mmoja akiisogeza ngoma karibu kupita kiasi, ngozi inakauka na kukakamaa, na ngozi iliyoungua haiponi.

Kiangazi hatari ni kinyume chake. Ngoma iliyoachwa nyuma ya kioo cha gari mchana inajikaza yenyewe hadi inapasuka bila kuguswa. Ngozi iliyochanika usiigundishe wala usiishone, mpelekee fundi. Ataloweka ngozi mpya usiku kucha, aiwambe ikiwa mbichi, kisha aiache ikauke taratibu kivulini siku kadhaa. Ukiiharakisha juani inakauka upande mmoja kabla ya mwingine na kujivuta ikapinda. Bagamoyo, ambako chuo cha sanaa kimekuwapo tangu 1981 na leo kinaitwa TaSUBa, si vigumu kupata mtu anayeijua kazi hiyo. Kwingine ulizia vikundi vya ngoma za harusi. Wao huwa wanamjua fundi, na wanajua pia nani wa kumkwepa.

Mahali na masikio

Darasa lenye paa la bati na sakafu ya saruji ni adui wa kazi hii. Sauti inarudi kutoka kila upande, na ngoma nyingi zikipigwa humo kwa nguvu, desibeli 95 hadi 100 si ajabu. Kipimo kinachotumiwa sana na wataalamu wa usalama kazini kinasema masikio yanavumilia desibeli 85 kwa saa nane, na kila desibeli 3 zinapoongezeka muda huo unakatwa nusu. Piga hesabu: 88 ni saa nne, 91 ni saa mbili, 94 ni saa moja, 97 ni nusu saa, 100 ni dakika kumi na tano tu. Kuna programu za bure za simu za kupima kelele. Hazina usahihi wa kifaa cha maabara, lakini zinatosha kukuonyesha kama uko kwenye 80 au 100.

Chini ya mwembe ndipo pazuri. Kivuli kipo, sauti inaondoka badala ya kurudi, na upepo unapoza vichwa. Ukilazimika kukaa ndani, fungua madirisha yote, tandika mikeka, na usiweke duara katikati ya chumba kitupu.

Viti visiwe na mikono, kwa kuwa viwiko vinagonga na mabega yanapanda. Mapaja yawe sawa na sakafu au yateremke kidogo. Madawati ya shule mengi ni mafupi kwa mvulana wa kidato cha nne. Anakunja mgongo, pumzi inabanwa tumboni, na kisha wewe unamwambia apumue kwa kina. Atapumulia wapi?

Kuhusu saa, kaa mbali na adhana na ibada, na mbali na vipindi vya wenzenu. Saa tisa na nusu alasiri inafaa shule nyingi za kutwa. Mwezi wa Ramadhani tunakata muda hadi dakika 25 na kuacha sehemu ya haraka, kwa kuwa aliyefunga hana maji ya kunywa baada ya jasho.

Mikono kwanza

Pete, bangili na saa zinavuliwa. Hili halina mjadala: pete moja inachana ngozi ya ngoma, na inaweza kumvunja kidole mwenyewe. Kucha ndefu zinakatwa, au mwenye nazo anashika kayamba.

Tunafundisha mapigo mawili tu mwezi wa kwanza. Pigo nene linatua katikati ya ngozi kwa kiganja kizima, mkono ukiwa mzito kama uliolala, kisha unanyanyuka wenyewe kama mtu aliyegusa sufuria ya moto. Kiganja kikibaki juu ya ngozi, sauti inakufa. Mdomo unasema "du". Pigo la wazi linatua ukingoni: vidole vimekaribiana, mfupa ulio chini ya vidole uko juu ya ukingo wa ngoma, kidole gumba kiko nje. Mdomo unasema "ti". La tatu, pigo la kofi, lile linalopasua, tunalichelewesha makusudi. Vijana watalifukua wenyewe kwenye video za simu zao na kulileta darasani wiki ya pili. Tunawaambia lipo, lina wakati wake, na leo si wakati wake.

Maumivu yana maana. Joto la kiganja ni kawaida. Maumivu ya mfupa chini ya kidole cha shahada yanamaanisha kwamba mkono unatua chini mno na mfupa unagonga mti badala ya ngozi; sogeza kiti karibu na ngoma. Maumivu ya kifundo yanatokana na mkono uliokakamaa. Vidole vikivimba, mapumziko ya siku mbili tatu. Na kijana aliyepiga kwa nguvu saa nyingi mfululizo akiona mkojo umegeuka mwekundu au kahawia, aache kupiga na aende hospitali. Hutokea kwa nadra, na si lazima ngoma iwe ndiyo chanzo, lakini imewahi kuwakuta wapigaji ambao viganja vyao vilikuwa vikiponda chembe za damu.

Kuanzia walipo

Sasa tufike kwenye moyo wa kazi. Kijana anayetoka kwenye mtihani wa majaribio, au kwenye ugomvi wa nyumbani, hana uwezo wa kuketi na kupiga polepole. Mwili wake unakimbia. Ukimwambia "tulia" unamwongezea kazi. Kwa hiyo tunaanza na mwendo alio nao, kisha tunauteremsha.

Vijana wa Dar es Salaam wanaijua singeli, muziki wa kasi wa mitaani, na singeli inakwenda mapigo 200 hadi 300 kwa dakika. Walimu wengi huikataza. Sisi tunaona ni zawadi, maana inagawanyika. Mwambie mmoja aitoe kwa mdomo, au apige meza, kwa mwendo wa takriban 240. Kikundi kikishaunasa, wote wapige kila pigo la pili tu: tayari mko 120, na hakuna aliyeambiwa apunguze. Wakae hapo dakika tatu. Kisha kila pigo la nne: mko 60. Yule mmoja anaendelea kugonga singeli kwa vidole viwili, kimyakimya, na wengine wanasikia jinsi pigo moja zito linavyoweza kubeba mapigo madogo manne mgongoni. Mwishoni naye ananyamaza, na lile pigo zito linabaki peke yake.

Njia ya pili ni kuteremka kama ngazi: 120, 100, 84, 72, 60, dakika mbili kila ngazi. Tumia metronomu ya simu, yaani programu inayogonga mwendo sawasawa, lakini ishike mwalimu sikioni, vijana wasiisikie. Wakiisikia wataifuata mashine na kuacha kusikilizana.

Shida moja itatokea, na itatokea kila mara: kikundi kitakimbia. Utaweka 72, ukipima baada ya dakika moja mko 90. Hii haitokani na ukaidi. Nafasi kati ya pigo na pigo inapokuwa ndefu, mtu asiye na la kufanya ndani yake huogopa na kuwahi. Dawa yake ni kuijaza nafasi kwa kitu kisicho na sauti. Wakanyage mguu wa kushoto na wa kulia chini ya kiti. Au wachore duara hewani kwa mkono kabla haujatua. Au waseme neno.

Maneno ya Kiswahili yameumbwa kwa kazi hii, kwa sababu mkazo wetu uko karibu kila mara kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Weka pigo nene hapo, mapigo ya wazi kwingine. "Chapati": ti-du-ti. "Taratibu": ti-ti-du-ti. "Polepole" wanaiweka du-ti-du-ti, na inakaa vizuri. Kijana asiyeweza kuhesabu mpaka nane bila kupotea anaweza kupiga "chai, chapati" robo saa nzima bila kukosea, na akipotea anajua mwenyewe kwamba amekula chapati kabla ya chai. Wakishazoea, maneno yanahamia kichwani na mdomo unafungwa.

Pumzi inaingia mkifika 60, si kabla. Mapigo manne kuvuta, mapigo sita kutoa. Kwa mwendo wa 60 kila pigo ni sekunde moja, hivyo pumzi moja inachukua sekunde 10, na dakika moja ina pumzi sita. Tunaurefusha utoaji wa pumzi kwa sababu moyo hupunguza kasi mtu anapotoa pumzi na huongeza anapovuta. Hiyo ni kazi ya neva iitwayo vagasi, inayoshuka kutoka kwenye ubongo hadi kifuani na tumboni. Ukimpa kijana sababu hii kwa sentensi mbili, anaacha kucheka. Hesabu ya nne na sita ikimletea kizunguzungu, anajaza mapafu kupita kiasi: mrudishe kwenye tatu na nne, pumzi ndogo, na asikaze tumbo.

Kisha kimya. Mkono wa mwalimu ukipanda, kila mtu anapiga pigo moja nene la mwisho na kuweka viganja juu ya ngozi. Kipindi cha kwanza kimya kiwe sekunde 10, usizidishe. Watacheka, mmoja atakohoa kwa makusudi, mwingine atagonga kidogo kwa kidole. Usikemee. Kicheko ni mwili unaoshuka, na ukikikemea unaupandisha tena. Wiki ya tatu mtafika sekunde 30, wiki ya sita dakika nzima. Wale waliokuwa wakicheka ndio huja kuomba kimya kiongezwe.

Kwa jumla kipindi kina dakika 45: kama tano za kukaa na kusalimiana kwa pigo moja moja kuzunguka duara, kumi za mwendo wa juu, kumi na tano za kuteremka, tano za pumzi na kimya, na zinazobaki za kuzungumza au kutozungumza. Mara mbili kwa wiki kwa wiki nane ndiyo tumeona inaacha kitu. Mara moja kwa mwezi ni burudani tu, na burudani si dhambi, ila usiipe jina jingine.

Watu ndani ya duara

Kuna kanuni moja tunayoirudia hadi inachosha: kama huisikii ngoma ya mwenzako wa kushoto, unapiga kwa nguvu mno. Inatosha. Haimshutumu mtu, na kila mmoja anaweza kujipima mwenyewe.

Nyota wa kikundi, yule aliyejifunza kanisani au kwenye ngoma za mtaani, atataka kupamba kila nafasi. Mpe ngoma nene yenye mapigo mawili tu kwa kila mzunguko, na mwambie ukweli: akikosea yeye, wote wanaanguka. Wengi hubadilika ndani ya kipindi kimoja. Mwenye aibu usimpe zamu ya kupiga peke yake mpaka aiombe. Zamu za lazima kuzunguka duara humfanya ahesabu kwa hofu waliobaki kabla yake, na utulivu wote unakwenda na maji.

Kijana aliyepitia vurugu, kipigo au ajali anaweza kushtuliwa na pigo la ghafla. Mkalishe mahali anapouona mlango. Usipige nyuma yake kamwe. Tangaza kabla ya pigo kubwa. Na usiwalazimishe kufumba macho. Waambie watazame ngozi ya ngoma, inatosha. Wenye usonji wengine hupenda mtetemo na kuchukia sauti: mwache akae nje ya duara akiwa ameziba masikio, huku ameweka viganja kwenye ubavu wa ngoma anayoipiga mwenzake.

Wasichana huambiwa ngoma ni za wavulana. Nenda Dodoma: muheme wa Wagogo unapigwa na wanawake, ngoma zimebanwa mapajani. Rwanda kuna Ingoma Nshya, kikundi cha wanawake kilichoanzishwa mwaka 2004 katika nchi ambako ngoma zilikuwa za wanaume. Kwa mpangilio, tunapenda wasichana wakae pamoja watatu watatu badala ya kuwachanganya mmoja mmoja kati ya wavulana, angalau mwezi wa kwanza. Mavazi nayo ni jambo la kufikiria mapema. Mwenye sketi ya shule nyembamba hawezi kubana djembe kwa magoti, na hatasema. Weka ngoma kwenye kigoda cha matundu au pembeni ya kiti, au mpe tari.

Wazazi wanahitaji jibu kabla hawajauliza. Pwani neno "ngoma" lina mizigo: ni sherehe, ni unyago, ni ngoma za kupunga pepo. Mzazi akisikia mwanawe anapigiwa ngoma "ili atulie", anaweza kudhani anapelekwa kwa mganga. Tunawaalika kipindi cha pili, waketi, na wapige. Midundo ya jando na unyago hatuigusi, kwa kuwa ina wenyewe na ina miiko yake, na kumfundisha mvulana mdundo wa unyago mbele ya bibi wa mtaa ni kujitafutia kesi. Familia nyingine za Kiislamu huona tari ni nyepesi kulikubali kuliko ngoma, kwa kuwa wanalijua kwenye maulidi. Wapo pia wasiokubali ala yoyote. Hapo kijana anapiga mapaja yake na viganja, na hakosi kitu.

Kujua kama inafanya kazi

Wafundishe kupima mapigo ya moyo: vidole viwili kwenye kifundo chini ya gumba, wahesabu sekunde 30, wazidishe mara mbili. Wapime wakishaketi, kabla ya kupiga, na tena baada ya kimya. Usipime mara tu baada ya sehemu ya haraka, kwani moyo uko juu kwa sababu ya mazoezi na namba itawadanganya. Kila mmoja aandike yake kwenye karatasi yake. Msizisome kwa sauti. Tulivyoona, wakianza kulinganisha inakuwa ligi, na mwenye namba ya juu anaanza kuogopa moyo wake.

Namba hazitoshi. Angalia mabega, angalia taya, angalia nani anabaki kusaidia kubeba ngoma. Angalia pia yule ambaye hashuki hata wiki ya nne. Ngoma si matibabu. Kijana asiyelala wiki nzima, anayejikata, anayesema afadhali asingekuwepo, anahitaji mtu mwingine pamoja na ngoma: mshauri wa shule, hospitali, au namba 116 ya simu ya huduma kwa mtoto, ambayo iko Tanzania na Kenya. Asiondolewe kwenye kikundi kwa sababu amepelekwa huko. Mara nyingi duara ndilo mahali pekee ambapo hatakiwi kujieleza.

Chumba cha mtihani hakina ngoma. Kwa hiyo wiki mbili za mwisho tunawafundisha kuhamisha kila kitu kwenye mapaja: ncha za vidole, kushoto na kulia, chini ya meza, kwa wepesi ambao hata msimamizi hasikii. Wajaribu kwanza wakiwa na suruali au sketi za shule, maana kitambaa kizito kinameza pigo na wataanza kugonga kwa nguvu. Mapigo manne kuvuta, sita kutoa, mara sita, ndiyo dakika moja. Tunawashauri waifanye karatasi ikiwa bado imefunikwa, kisha tena watakapokwama kwenye swali la kwanza gumu. Wasimtazame jirani huku vidole vikicheza, msimamizi asije akadhani wanapeana ishara za majibu.